Parachuti ya dharura ya rubani wa glaida: umri wake, ukaguzi wake na mahali pa kuiweka Uganda

Maswali yanayonifikia kuhusu parachuti za dharura ni yale yale, na huja kwa wingi kiangazi cha Desemba kinapoanza na watu wanataka kurudi hewani. "Mwalimu, parachuti yangu ina miaka kumi na minane, lakini haijawahi kufunguka angani hata mara moja. Si bado ni mpya?" "Naweza kuiacha ndani ya glaida mpaka Jumamosi ijayo?" "Kadi inaonyesha muda umepita mwezi mmoja tu. Kuna ubaya?" Majibu mafupi: si mpya, usiiache, na ndiyo, upo ubaya. Majibu marefu ni haya yanayofuata.

Nimeandika kwa ajili ya rubani wa glaida, yaani ndege inayoelea bila injini, ingawa anayerusha ndege ndogo ya michezo ya angani atayakuta mengi yanayomhusu. Parachuti ninayoizungumzia ni ile unayoivaa mgongoni au kuikalia, iliyofungashwa na fundi, na ambayo huifungui mpaka ulazimike kuiacha ndege. Siyo ya wale wanaoruka kwa mchezo, siyo ya akiba ya paraglaida, wala siyo ile ya roketi inayoshusha ndege nzima. Hizo zina taratibu zake.

Kabla ya lolote, shika jambo hili: parachuti ina tarehe mbili za mwisho, na wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza ni ya kufungashwa upya, yaani siku ambayo fundi lazima awe ameifungua, ameikagua na kuikunja tena. Ya pili ni ya kustaafu, siku ambayo mtengenezaji anasema kifaa hiki basi. Kuifungasha jana hakuiongezei umri hata siku moja. Na parachuti changa iliyopitwa na tarehe ya kufungashwa haifai kuvaliwa, hata kama imetoka kiwandani miaka mitatu tu iliyopita.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu cha mtengenezaji cha modeli yako hasa. Watengenezaji wengi wamekiweka kwenye tovuti zao. Kichapishe, maana intaneti ya uwanjani si ya kutegemea.
- Kadi ya ukaguzi inayokaa kwenye kimfuko cha parachuti.
- Daftari lako mwenyewe, kwa sababu kadi hupotea.
- Kipima unyevu na joto cha stoo. Vile vidogo vya betri vinatosha.
- Begi la kubebea lenye kitambaa kizito kisichopitisha mwanga.
- Tochi.
- Jina na simu ya fundi wa parachuti aliyeidhinishwa kufungasha aina yako. Huyu mtafute mapema, kabla hujamhitaji.

Hatua ya 1: Soma lebo na unakili kila kitu

Lebo ya parachuti hushonwa ndani ya mfuko wa mgongoni au chini ya kifuniko. Nakili jina la mtengenezaji, modeli, namba ya kifaa, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kiwango kilichoidhinishwa, uzito wa juu na mwendo wa juu.

Angalia vizuri: mara nyingi tarehe ni mbili. Mfuko na mikanda vina lebo yao, na mwavuli wenyewe, kile kitambaa kinachofunguka, una lebo yake iliyopigwa muhuri kwenye kitambaa. Huwezi kuiona bila parachuti kufunguliwa, kwa hiyo mwambie fundi akuandikie siku ya kufungasha. Nimeona mfuko unaong'aa wenye mwavuli uliouzidi umri kwa miaka mingi. Mwenye nao alikuwa akihesabu kwa tarehe ya mfuko.

Uzito na mwendo usivipuuze. Chini ya kiwango cha Marekani kiitwacho TSO-C23c, kundi A ni kilo 90 na kilomita 241 kwa saa, kundi B ni kilo 115 na kilomita 278, na kundi C ni kilo 115 na kilomita 324. Uzito huo ni wako pamoja na nguo, viatu na parachuti yenyewe. Ongeza na hili la kwetu: viwanja vyetu viko juu. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi 30 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba mwavuli ule ule unakushusha kwa kasi inayozidi ile ya usawa wa bahari kwenye hewa ya nyuzi 15 kwa karibu asilimia 10. Ukiwa mtu mzito, usinunue mwavuli unaokutosha kwa shida.

Hatua ya 2: Hesabu tarehe ya kustaafu

Fungua kitabu cha mtengenezaji utafute ukurasa wa umri wa matumizi. Watengenezaji hawafanani. Wengi wanatoa miaka 15 au 20. Wapo wanaoruhusu nyongeza baada ya ukaguzi maalumu, na wapo wasiotaja miaka kabisa, wakamwachia fundi aamue kila anapofungasha. Vilevile soma hesabu inaanzia wapi: wengine huanzia siku ya kutengenezwa, wengine siku ya kufungashwa mara ya kwanza.

Mfano: parachuti imetengenezwa Juni 2009 na kitabu kinasema miaka 20 tangu kutengenezwa. Mwisho wake ni Juni 2029. Ukiuziwa leo kwa bei ya kifaa chenye nusu ya umri wake, unaibiwa.

Hapo ndipo swali la "haijawahi kufunguliwa" linapojibiwa. Nailoni haisubiri kutumika ndipo izeeke. Mwanga wa jua unakata nguvu ya nyuzi zake. Joto linaiharakisha. Asidi inaila. Lastiki zinazofungua mfuko zinalegea kwa kubaki zimevutwa, raba zinazoshika kamba zinakauka na kunata, na vyuma vinashika kutu. Yote haya hutokea parachuti ikiwa imetulia rafuni.

Yako pia mambo yasiyotokana na matunzo. Miaka ya 1980 miavuli mingi ya duara ilitengenezwa kwa kitambaa cha wavu kilichobaki na asidi ya kiwandani, na asidi hiyo ikadhoofisha nailoni iliyogusana nayo ndani ya mfuko uliofungwa. Mafundi walilazimika kupima kila mwavuli kwa dawa ya bromokresoli ya kijani, ambayo hugeuka njano ikikutana na asidi, kisha kukivuta kitambaa kwa kipimo waone kama kinashika. Waliokuwa na parachuti hizo hawakukosea lolote. Kwa hiyo ukiandika tarehe ya kustaafu, tafuta pia taarifa za usalama ambazo mtengenezaji ametoa kuhusu modeli yako, na urudie kuzitafuta kila mwaka.

Onyo kwa wanaonunua zilizotumika Ulaya: bei nzuri mno mara nyingi maana yake ni miaka miwili iliyobaki. Usitume pesa kabla hujapata picha ya lebo zote mbili na pande zote mbili za kadi.

Hatua ya 3: Soma kadi, kisha weka tarehe ya kufungasha kwenye simu

Kadi ya parachuti ni kama kadi ya chanjo ya mtoto: isiyo na kadi huhesabiwa haijafanyiwa chochote. Inaonyesha siku ya kufungashwa, jina la fundi, namba ya leseni, alama ya lakiri yake (muhuri mdogo anaoufunga kwa uzi) na kazi aliyoifanya.

Muda kati ya kufungasha na kufungasha hutegemea kitabu na sheria inayoihusu ndege yako. Sheria ya Marekani, kifungu cha 91.307, inatoa siku 180 kwa parachuti ambayo mwavuli, kamba na mikanda yake yote ni nailoni au nyuzi nyingine za viwandani, na siku 60 tu kama kuna hariri au nyuzi za asili. Hizo 180 zilianza mwishoni mwa 2008. Kabla ya hapo zilikuwa 120. Vitabu kadhaa vya watengenezaji wa Ulaya vinakwenda kwa miezi sita au mwaka mmoja. Kwa ndege iliyosajiliwa hapa, waulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA, wanataka nini kwenye kumbukumbu zako, na kila kitabu cha mtengenezaji kikiwa kikali kuliko sheria, fuata kitabu.

Weka kengele kwenye simu wiki nane kabla ya tarehe. Najua ni mapema. Lakini fundi wa aina hii huenda asipatikane Uganda siku unayomtaka, na parachuti ikilazimika kwenda nchi jirani, wiki nane zinaisha upesi.

Hatua ya 4: Tafuta mahali pa kuiweka

Hatua hii ndiyo inayoamua kama parachuti itafika umri wake, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Unachotafuta ni giza, ukavu, ubaridi wa kiasi na hewa isiyo na kemikali. Vitabu vingi vinataka joto lisilopita nyuzi 25 au 30, na unyevu kati ya asilimia 40 na 65.

Kwa mtu wa Kajjansi, Entebbe au Jinja, hiyo asilimia 65 ni kazi. Karibu na ziwa unyevu wa asubuhi hupita asilimia 80, na msimu wa mvua wa Machi hadi Mei hauna mchana mrefu wa kukausha. Soroti na Karamoja shida inageuka: hewa ni kavu zaidi lakini joto na vumbi ni vingi. Kwa hiyo usiige tu mpango wa rafiki yako wa mji mwingine. Weka kipima unyevu mahali unapokusudia, kiache wiki nzima, ukisome asubuhi, mchana na usiku, kisha uamue.

Hanga la mabati ni mahali pabaya. Mchana bati linawaka na stoo ya juu inakuwa tanuri. Usiku bati linapoa, mvuke unaganda chini yake na kudondoka. Ukiingia saa kumi na mbili asubuhi na tochi utaona matone yamejipanga kwenye misumari ya paa. Parachuti iliyo chini yake inalowa na kukauka kila siku, na wewe unayefika saa nne huoni kitu.

Nyumbani panafaa zaidi. Chagua kabati la mbao ndani ya chumba cha kulala au cha kazi, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua la alasiri. Iweke rafuni, si sakafuni, kwa sababu saruji inapitisha unyevu kutoka ardhini, tena bila kuonekana. Acha nafasi nyuma yake hewa ipite. Ilaze katika hali yake ya kawaida, mgongo chini, bila kitu chochote juu. Koti zito au sanduku la vifaa likikaa juu ya parachuti linapinda pini na kukandamiza springi ya parachuti ndogo inayovuta mwavuli nje.

Kisha angalia majirani wa kabati hilo.

Betri ni adui wa kwanza. Nyumba nyingi siku hizi zina betri za sola au za inveta, na mara nyingi zimewekwa kwenye stoo ile ile kavu na yenye giza ambayo unaitamani. Betri za maji zinapochajiwa hutoa mvuke wenye asidi. Tazama vichwa vya nyaya zake: ule ukoko mweupe wa kijani unaoota pale ni dalili ya kitu ambacho hutaki kiiguse nailoni. Asidi haiachi tundu la wazi kila mara. Huacha doa dogo la kahawia, na uzi wa mahali hapo ukiuvuta kwa kucha unakatika kama umeungua. Parachuti na betri zisilale chumba kimoja. Ndani ya glaida pia, hakikisha betri iliyo nyuma ya kiti haijavuja kabla ya kuegemeza parachuti hapo.

Wengine wa kuwafukuza ni petroli, dizeli, rangi, klorini, jiki na dawa za kupuliza wadudu. Usipulize dawa ndani ya kabati hilo wala usiweke vidonge vya kufukuza nondo. Panya watafute kwa mtego. Popo wakiishi darini juu ya stoo, hama stoo, kwa sababu mkojo na kinyesi chao vinaharibu kitambaa. Mchwa hali nailoni, lakini anakula rafu na kuleta udongo wenye unyevu mpaka kwenye begi.

Watu huuliza kuhusu sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Linafaa kwa masharti mawili: parachuti iingie ikiwa kavu kabisa, na ndani kuwe na vifuko vya jeli ya silika unavyovikausha au kuvibadilisha kila mwezi. Bila hayo, sanduku linafungia unyevu ndani na kulea ukungu. Mimi napendelea kabati lenye hewa, na kwa wanaoishi ziwani kabisa, mashine ndogo ya kukausha hewa inayowashwa saa chache kila siku umeme ukiwapo.

Hatua ya 5: Kagua kila mara kabla ya kuivaa

Ni kazi ya dakika tatu. Ifanye mahali penye mwanga, parachuti ikiwa juu ya meza au kiti kisafi, si juu ya bawa ambako upepo utaitupa.

1. Soma kadi. Tarehe bado?
2. Fungua kifuniko cha pini. Pini ziwe zimenyooka, safi, zimeingia kwenye vitanzi kama picha ya kitabu inavyoonyesha. Pini iliyopinda hata kidogo, huruki.
3. Tazama lakiri: uzi mwembamba, kwa kawaida mwekundu, wenye kipande kidogo cha madini ya risasi kilichobanwa na alama ya fundi. Uzi ukiwa umekatika, hakuna anayejua nani amegusa nini.
4. Fuata waya kutoka kwenye pini hadi kwenye mpini. Usiwe na nyuzi zilizochomoza wala mikunjo, na uwe na ulegevu kidogo ndani ya mrija wake. Mpini ukae imara mfukoni mwake, lakini usishonwe wala kufungwa na chochote ulichoongeza wewe.
5. Pitisha vidole kwenye mikanda yote. Tafuta mshono uliofumuka, sehemu ngumu, madoa, rangi iliyopauka.
6. Bizimu na ndoano zifungwe na kufunguka bila kulazimishwa, bila kutu.
7. Bonyeza mfuko. Uwe umekaa sawa, bila kitambaa kinachochungulia pembeni.

Kama parachuti yako ni ya kufunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege, soma kwenye kitabu cha glaida mahali pa kuifunga, na uikague kamba hiyo pia. Ukishuka ardhini, itoe kamba hiyo kwenye ndege kabla hujainuka. Marubani wengi wamejifungulia parachuti kando ya glaida kwa kusahau hilo.

Hatua ya 6: Itunze vizuri siku ya kuruka

Tuko karibu na ikweta, na mwezi wa Machi na Septemba jua la adhuhuri linakaa utosini. Chumba cha rubani chenye kioo kilichofungwa kinapata joto la kutisha, na mwanga unaopita kioo unapiga mikanda ya mabegani hasa, sehemu ile ile inayobeba uzito wako. Parachuti iingie kwenye glaida pamoja nawe na itoke pamoja nawe. Ukisubiri zamu, irudi kwenye begi, begi likae kivulini, juu ya turubai, si kwenye majani yenye umande.

Usiinue parachuti kwa kushika mpini. Ibebe kwa mikanda ya mabegani. Usiikalie kwenye benchi la uwanja, usiifanye mto, usimpe mtoto aivae kwa ajili ya picha.

Baada ya kuruka siku ya joto mgongo wake unakuwa na jasho. Iache ipumue ndani ya chumba, mbali na jua, kwa saa moja au mbili kabla ya kuifungia begini. Ukiirudisha nyumbani kwa boda boda, hakikisha begi halipitishi maji, na mvua ikianza simama. Buti ya gari lililoegeshwa juani ni marufuku. Ndani ya gari joto linaweza kukaribia nyuzi 60.

Hatua ya 7: Ipeleke kwa fundi

Usifungashe mwenyewe kwa kutazama video. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeulizwa mara nyingi, na wanaouliza ni watu wazuri wanaojaribu kuokoa pesa. Fundi wa parachuti za jeshi naye, hata awe hodari namna gani, anahitaji kitabu, vifaa na idhini ya modeli yako.

Mpigie kwanza, umtumie picha za lebo, umuulize kama ana idhini na vipuri: raba, vitanzi, lastiki. Mwombe akuandikie alichobadilisha. Mafundi wengi huuning'iniza mwavuli upate hewa karibu siku nzima kabla ya kuukunja, hivyo usimwambie unangoja nje.

Ikienda Kenya au mbali zaidi, ni afadhali isafiri na mtu anayeishika mkononi. Kwenye buti ya basi la usiku kuna jerikeni za mafuta, samaki na betri za pikipiki, na hujui mzigo wako umelala juu ya nini. Ikibidi itumwe, iwe ndani ya sanduku gumu, na juu yake andika ni kifaa cha usalama wa ndege. Kabla ya kuvuka Malaba au Busia, uliza forodha karatasi za kuonyesha kwamba kifaa kinatoka na kitarudi, ili usidaiwe ushuru kama umenunua kipya. Na kama parachuti yako ina kifaa cha kujifungua chenye baruti, shirika la ndege lazima liambiwe mapema.

Hatua ya 8: Ukikaa muda mrefu bila kuruka

Usiache kufungasha eti kwa kuwa huruki. Kama utapumzika zaidi ya mwaka, muulize fundi kama modeli yako inafaa kuhifadhiwa ikiwa imelegezwa, lastiki zake zimefunguliwa na springi haijabanwa. Ikihifadhiwa hivyo, funga karatasi kubwa kwenye mkanda wa bega: HAIJAFUNGASHWA, USIVAE.

Hatua ya 9: Istaafishe kweli

Siku ikifika, kata mikanda ya mabegani na ya mapajani, kata kamba za mwavuli, toa lebo na uandike kwenye daftari. Kitambaa kitafaa kufunika glaida dhidi ya vumbi, au kufundishia wanafunzi jinsi mwavuli unavyotoka. Parachuti nzima iliyostaafu isiachwe ikaishia Owino, soko la mitumba la Kampala, mtu akainunua akiamini inaokoa.

Matatizo yanayojitokeza na la kufanya

*Kuna harufu ya ukungu, au vidoa vyeusi kwenye mfuko.* Ukungu ulio nje unaweza kumaanisha mwavuli ndani una unyevu. Usiipake dawa, usiianike juani. Iweke chumba kikavu, piga simu kwa fundi, iende ikafunguliwe.

*Imelowa mvua.* Hata kama tarehe yake bado, inarudi kwa fundi. Mfuko unakauka nje siku ya pili ukadhani imepona, huku maji yamebaki kwenye mikunjo na pini zinaanza kutu. Ikitumbukia ziwani ni hivyo hivyo, na mwambie fundi ni maji gani.

*Mfuko umechafuka matope au jasho.* Futa kwa kitambaa, maji safi na sabuni laini kidogo, sehemu hiyo tu, kisha kausha kivulini. Mashine ya kufulia na brashi ngumu haziruhusiwi, na kamwe usiguse mwavuli.

*Nimemwagikiwa na petroli au maji ya betri.* Petroli: iondoe kwenye moto na jua, mwambie fundi aamue. Maji ya betri: isivaliwe tena mpaka fundi aikague, na uwe tayari kuambiwa imekufa.

*Mikanda imepauka lakini tarehe iko mbali.* Kupauka ni ishara ya jua. Fundi anaweza kubadilisha mikanda kama mtengenezaji anaruhusu, au akaikataa. Tarehe ya kitabu ni mwisho wa juu kabisa, si ahadi.

*Kadi imepotea.* Fundi ataifungua, ataikagua upya na kuandika kadi mpya. Kama na lebo haisomeki, mwandikie mtengenezaji ukimpa namba ya kifaa kutoka kwenye daftari lako. Wengi huweka kumbukumbu. Bila lebo na bila kumbukumbu, umri haujulikani, na parachuti isiyojulikana umri haivaliwi.

*Mtengenezaji amefunga biashara.* Vitabu vya zamani mara nyingi hupatikana kwa mafundi na vilabu vya Ulaya. Tatizo kubwa ni vipuri na taarifa za usalama ambazo hazitoki tena. Kwa parachuti ya namna hiyo iliyopita miaka 15, ushauri wangu ni kuibadilisha.

*Mpini umevutwa kwa bahati mbaya ndani ya hanga.* Usijaribu kurudisha mwavuli mfukoni. Sogeza watu pembeni wasiukanyage, kusanya kila kitu juu ya shuka safi, pamoja na pini, mpini, kipande cha lakiri na raba zilizoanguka. Kunja kwa ulegevu, tia kwenye begi kubwa lisilopitisha mwanga, andika siku na jinsi ilivyotokea, kisha ipeleke yote kwa fundi jinsi ilivyo.